Mkungu wa Kisimani na Mimi Mlezi Wake

Jumatatu, 5 Februari 1968

Leo nimeerevuka. Miaka yote hii nauza ndoana na kamba mtaani Langoni, hapa Lamu, nikidhani riziki yangu iko dukani. Kumbe iko juu ya kichwa changu. Darini!

Wazungu wameanza kuteremka gatini. Vijana wenye ndevu, mizigo mgongoni, wanauliza pa kulala. Na wanapenda nini? Bahari. Wanaikodolea macho kama hawajapata kuona maji. Mimi nina dari pana. Upepo upo. Ngazi ipo, imara kiasi. Nikitandika vitanda na kuezeka makuti upande mmoja, mimi Abdulqadir bin Gharib nitakuwa mwenye hoteli. Jina nimeshalipata: Hoteli Tazama Bahari.

Dosari ni moja tu. Bahari haionekani.

Kati ya dari yangu na bahari kuna mti wa mkungu. Mkubwa, mnene, umekaa kando ya kisima cha mtaa kama mke mkubwa aliyekaa mlangoni. Nimepanda darini, nikasimama kwa ncha za vidole. Majani. Nikapanda juu ya kinu. Majani. Nikaweka kinu juu ya kiti, nikapanda. Majani, kisha sakafu.

Radhiya, mke wangu, amenikanda kiuno kwa mafuta. Amesema mkungu ule ulikuwepo kabla ya nyumba yetu. Nikamwambia hata umaskini ulikuwepo kabla ya nyumba yetu, mbona hatuuenzi? Hakucheka. Amezidi kukanda, kwa nguvu kuliko ilivyohitajika.

Jumatano, 7 Februari

Nimekwenda kwa Bwana Jeilani, mwenyekiti wa Kamati ya Miti. Ndiyo, mji huu una kamati ya miti. Hatuna daktari wa meno, lakini kila mwarobaini una msemaji wake! Bwana Jeilani alikuwa mtu wa forodha. Alipostaafu akakosa watu wa kuwakataza mambo, ndipo akaigeukia miti.

Nikamweleza kwa adabu kwamba mkungu wa Kisimani umezeeka, si vibaya ukapumzishwa. Akafumba macho, akaanza kunisomea sheria za mji kama anayesoma nyiradi. Mti wa mji haukatwi, hata tawi, mpaka kamati ikae na kila nyumba iliyo kivulini iseme ndiyo. Haupigiliwi msumari. Haufungiwi punda. Majani yakianguka, nyumba zinapokezana kufagia. Matunda ni ya watoto. Apandaye mche auzungushie makuti usiliwe na mbuzi, na ukifa apande mwingine.

Nikauliza, mti wenyewe hasa ni wa nani? Akasema ni wa kila mtu. Nikasema vizuri, basi mimi naomba sehemu yangu, na sehemu yangu ni ile ya juu.

Akanionyesha mlango.

Nje nimekutana na Fadhil, jirani yangu, muuza vitambaa. Nyumba yake iko upande wa pili wa mkungu. Darini kwake bahari yote iko wazi mpaka kisiwa cha Manda, naye anaitumia dari hiyo kwa kazi gani? Kuanikia kanzu! Ameniambia kwa upole nisijisumbue, mti ule una watu wake. Upole wa Fadhil ni kama mwiba wa samaki. Huujui mpaka umeumeza.

Ijumaa, 9 Februari

Ombi halikufaa. Sasa ni akili.

Mama mkwe, Bi Umulkheir, amekuja kula kwetu baada ya sala. Mama huyu akilijua jambo kabla ya kunawa mikono, Lamu nzima imelijua kabla hajajifuta. Nikamnong'oneza kwamba nimesikia sauti mkunguni. Jini. La ndevu nyekundu, lenye hasira. Nikamsihi asimwambie mtu yeyote.

Akaapa kwa Mola wake. Akaacha wali sahanini, akavaa buibui, akatoka.

Kesho watu watauogopa mti. Kesho kutwa watadai ukatwe. Nami nitajifanya nimesikitika. Nimejaribu uso wa kusikitika mbele ya kioo. Unanikaa vizuri.

Jumapili, 11 Februari

Balaa!

Watu hawakuogopa. Wamekuja kulisalimia! Tangu asubuhi wanawake wa Langoni na Mkomani wamejaa kisimani na vyetezo. Ubani, udi, marashi, sahani za halwa. Mmoja anaomba mumewe arudi kutoka Mombasa. Mwingine anaomba wake aende. Moshi wote umeingia dukani kwangu, kamba zangu zinanukia kama bibi harusi.

Nikajaribu kuwaambia kwamba jini hili ni korofi, halina msaada kwa mtu. Bi Umulkheir akanigeukia mbele ya halaiki: "Kwani weye walijua kuliko mimi?"

Jini langu mwenyewe!

Bwana Jeilani naye amefika. Nikadhani anakuja kuwatawanya. La. Amekuja kuhakikisha hakuna anayefunga kitambaa tawini, maana sheria hairuhusu. Jioni imamu amewasema vikali wazushi wanaowatia watu hofu ya majini badala ya hofu ya Mungu. Nimeitikia "Amina" kwa sauti kubwa kuliko wote.

Sasa hata waliokuwa wakichuma jani moja la kufunikia samaki hawathubutu. Mti umepanda cheo.

Halwa ilikuwa nzuri, lakini.

Jumanne, 13 Februari

Anayetaka kuku hujifanya mlinzi wa banda. Nimejiunga na Kamati ya Miti.

Kila mti wa mji una mlezi wake, mtu wa kuutazama, kuumwagilia wakati wa kiangazi na kutoa taarifa ukiugua. Mlezi wa mkungu amehamia Malindi kwa mwanawe. Nikasimama kikaoni, nikasema nautaka mimi, nikadondokwa na machozi. Machozi yalikuwa ya vitunguu, nilitoka jikoni moja kwa moja. Lakini mji huu huyaheshimu machozi, hauulizi yalikotoka. Nimepewa!

Papo hapo, kama mlezi, nikapendekeza mti upunguzwe kichwa kwa ajili ya afya yake. Wakamwita Bwana Hudson, afisa wa misitu, mtu wa Kakamega aliyeletwa huku kuangalia mikoko. Hutembea mchangani na mabuti makubwa, na kila hatua ni ugomvi kati ya buti na mchanga. Akauzunguka mti. Akaligonga shina kwa ngumi. Akapanda mpaka juu na mabuti yake, akashuka, akajipangusa. Kwa Kiswahili chake cha bara kilichonyooka kama rula, akasema: "Huu mti hauna shida yoyote. Wewe ndiye uko na shida?"

Kamati nzima ilicheka. Nami nilicheka, kisiasa. Fadhil alicheka mpaka akashika ukuta.

Alhamisi, 15 Februari

Mti haufi kwa kikao. Lakini mti hunywa.

Nimenunua gunia la chumvi ya mawe. Nimepakia madebe ya maji ya bahari juu ya punda wangu, nikakoroga chumvi humo mpaka maji yakawa mazito. Halafu nikaenda kisimani mchana kweupe, jua la utosi, nikayamwaga kwenye mizizi. Mbele za watu wote!

Na watu wakafanya nini? Wakanishangilia. Mashallah! Tazameni mlezi! Mlezi wa zamani alikuwa akisinzia, huyu anatoka jasho! Bwana Jeilani akawasimamisha wapita njia ili wajifunze kwangu. Nilikubali sifa kwa unyenyekevu.

Jambo tamu kuliko yote: Fadhil aliacha duka lake, akashika debe, akasema leo ameniona kwa jicho jingine na anataka kunisaidia. Akamwaga. Akaenda, akarudi, akamwaga tena. Hakuonja, hakunusa. Watu wakiona debe na mti hawaulizi zaidi. Fadhil bin Fulani, mwenye bahari yake, akitokwa na jasho kwa ajili ya hoteli yangu! Nimelala mchana nikitabasamu. Radhiya ameniuliza kama naumwa.

Nitaendelea kila siku mpaka gunia liishe.

Jumamosi, 24 Februari

Majani yanageuka mekundu! Yanadondoka! Nimesimama darini nikayahesabu mpaka nikachoka. Kati ya matawi mawili imejitokeza bahari, upana wa leso. Nimeitazama leso yangu saa nzima. Nimenunua vitanda.

Bwana Hudson amepita. Amesema mikungu hupukutisha majani wakati huu wa joto, kila mwaka, kisha huchipua upya. Nimeafiki kwa huzuni. Halafu akaokota jani moja, akalitazama pembeni, palipoungua kama karatasi iliyopita karibu na mshumaa. Akalitia mfukoni, akaondoka.

Sipendi mtu anayetia majani mfukoni.

Jumanne, 27 Februari

Chai ya leo imeniingia kama mchuzi wa samaki. Nikamwambia Radhiya ametia chumvi badala ya sukari. Akasema hakutia chumvi. Akatengeneza nyingine mbele ya macho yangu. Ile ile.

Nikainywa yote.

Nje kelele. Kisima! Wanawake wameteka, wameonja, wametema. Wali una chumvi, uji una chumvi, mtoto mchanga wa Fadhil anakataa maji na kulia mpaka anakauka sauti. Bi Umulkheir amesema kisima hiki kilimlea yeye na mamake na bibi yake, hakijapata kubadilika ladha hata mwaka wa ukame mkubwa. "Mai haya yana nini?" ndilo neno lililokuwa midomoni mwa kila mtu. Nikasema hata mimi nashangaa.

Sasa wanakwenda kuteka kisima cha mbali, juani, kupitia vichochoro vyote vile. Nimemwona Radhiya akirudi, debe kichwani, buibui limelowa mgongoni, nyayo zimeungua. Alipita mbele yangu bila kunitazama. Kitu fulani kilinikaza kifuani. Nadhani ni pweza wa jana.

Lakini nani amesema msiba hauna faida? Jioni nilipata wazo. Kwa nini kisima kimeharibika? Kwa sababu ya mizizi! Mizizi ya mkungu imekwenda mpaka baharini, inavuta chumvi, inaileta kisimani. Nikamweleza mtu mmoja. Akawaeleza wawili. Kufikia Isha hata watu niliokuwa siwajui walikuwa wakinieleza mimi, tena kwa uhakika zaidi.

Kamati itakaa Ijumaa. Safari hii ni kuhusu kukata kweli. Nyumba zote za kivulini zimeanza kusema ndiyo!

Ijumaa, 1 Machi

Ngoja nipumue ndipo niandike.

Tulikusanyika kisimani baada ya sala. Watu tele. Bwana Jeilani kitini, uso umemsinyaa. Mtu huyu alikuwa kama anayehukumu mwanawe. Bwana Hudson alisimama pembeni. Wanawake upande wao, na madebe matupu. Nikapewa nafasi ya kusema kwa kuwa mimi ni mlezi.

Nilisema vizuri! Sijapata kusema vizuri namna ile. Nikasema hakuna aupendaye mti huu kuliko mimi. Nikasema lakini mti usiothamini watu, watu wauthamini kwa nini? Nikasema watoto wana kiu. Wanawake wawili walilia. Fadhil mwenyewe aliinamisha kichwa. Nikainua mkono kumalizia.

Ndipo akaja punda.

Alipita katikati ya mkutano kama mwalikwa, akainamisha kichwa kwenye mizizi, akaanza kuramba. Watu wakamfukuza. Akarudi. Akaja mwingine. Halafu wakaja wa machimboni, wakaja wa sokoni, shogi zao za mizigo bado mgongoni, wenye punda wakiwakimbilia nyuma na fimbo. Wakalizunguka shina, wanaramba ardhi kwa ulimi kama watoto wanaomaliza sahani ya halwa. Wa kwanza, aliyeonja kabla ya wote, alikuwa wangu.

Nikaendelea kusema. Hakuna aliyesikiliza.

Bwana Hudson akachuchumaa kati ya punda, akachota udongo kwa kidole, akaulamba. Akatema. Akasema neno moja: "Chumvi." Akatoa lile jani mfukoni.

Bwana Jeilani akauliza, nani amekuwa akimwaga maji hapa?

Na mji mzima, kwa moyo safi, kwa sauti moja, kwa fahari kabisa, ukajibu: "Abdulqadir! Mlezi wetu!"

Nimeona nyuso zikigeuka, moja baada ya moja, kama majani yale. Nikasema pia Fadhil alimwaga. Ni kweli, alimwaga! Fadhil akanitazama. Hakuwa na upole wowote.

Jumamosi, 2 Machi

Hukumu imetoka. Wanaume walitaka kunipeleka kwa mkuu wa wilaya. Wengine walitaka kunipeleka Kiwayu na kuniacha huko. Bi Umulkheir akasema hapana, mtu wetu tutamfunza wenyewe. Akateka maji ya kisima, akajaza kata, akanipa mbele ya wote. "Nywa, mwanangu."

Nikanywa. Akajaza tena.

Halafu Bwana Hudson akaeleza kazi. Udongo wenye chumvi uchimbwe wote kwa uangalifu, mizizi isiumizwe, upelekwe ukatupwe ufuoni. Uletwe udongo mpya na samadi. Kisima kitekwe mpaka kikauke, kijae, kitekwe tena, mpaka maji yarudi. Na mti unyweshwe maji matamu ya kijiji cha Shela kila siku mpaka mvua. Bwana Jeilani akauliza kazi hiyo yote ataifanya nani. Hilo halikuwa swali.

Nimemwambia Radhiya mambo haya yatapita. Amefunga nguo zake kwenye kanga. Hakupiga kelele, na mimi hupendelea akipiga kelele. "Nilibeba debe juani siku zote hizi," akasema, "na weye wanitizama. Mai yakiwa matamu, nitarudi." Akafuata njia ya kwa mamake.

Nyumba ni kimya. Vitanda vya hoteli vyote vitupu, na sasa hata changu.

Jumatano, 13 Machi

Kuchimba. Kubeba. Kuteka. Shela na kurudi, mchangani, jua la utosi. Punda wangu anatembea mbele kwa madaha. Watu wanampa maganda ya maembe njiani, wanamwita shahidi. Mimi hawanipi kitu.

Hata Idi nimeipitisha kisimani. Harufu ya nyama ilitoka kila mlango isipokuwa wangu. Aliyenikaribisha ni Bwana Hudson, Mkristo! Alileta sufuria ya chai na mkate, tukaketi juu ya rundo la samadi. Akaniambia kwao mti ni wa aliyeupanda, kila mtu anajua wake, na mtu akikata wake hakuna wa kumwuliza. Huku amekuta mti ambao hakuna anayejua aliyeupanda, ndiyo maana umewapata walinzi wengi namna hii. Alisema amelipenda jambo hilo.

Nimemuuliza kama afisa anaweza kupunguza adhabu.

Akanywa chai yake.

Jioni nilipokuwa nateka, Fadhil alikuja, akasimama. Nikajua sasa nitapigwa. Akashika kamba, akavuta ndoo moja, akaimwaga, akavuta nyingine. Tukateka pamoja mpaka adhana. Mwishoni akasema mwanawe sasa anakunywa maji ya Shela, hajambo. Nikamwambia kanzu zake zinaanikwa vibaya, jua linazichakaza. Akaondoka.

Jumatatu, 1 Aprili

Mvua! Imenyesha usiku kucha na asubuhi yote. Bi Umulkheir mwenyewe alikuja kuonja kisima, mwavuli mkononi. Aliyazungusha maji mdomoni muda mrefu, macho juu, mji mzima ukimsubiri. Akameza. Akasema, "Alhamdulillahi."

Vigelegele! Adhuhuri Radhiya amerudi na kanga yake ya nguo. Ameweka chai. Tamu. Nimekunywa vikombe nisivyovihesabu. Alinitazama nikinywa, nikaona kama anataka kutabasamu, akajizuia akaenda kukuna nazi. Nimefurahi. Naliandika hili bila mzaha: nimefurahi sana.

Lakini mkungu! Umechipua upya wote. Majani mapana kama sinia, mazito, ya kijani kinachong'aa. Samadi ile! Nimepanda darini kuangalia leso yangu ya bahari. Haipo. Hata Manda haipo. Hata nyumba ya Fadhil karibu haipo.

Na ni leo hii, baada ya asr, mgeni wangu wa kwanza kaja. Mzungu wa ndevu. Nikampandisha ngazi, nikamwonyesha vitanda, nikaomba radhi kuhusu majani, nikamwambia bahari iko nyuma yake, aamini tu. Akasema kwa Kiswahili cha kuokoteza kwamba amesafiri juu ya bahari tangu Mombasa na ametapika njia nzima, hataki kuiona tena. Akateremka. Akatandika mkeka wake chini ya mkungu, akalala bure kivulini mpaka magharibi. Kisha akaenda kulala kwa Fadhil, ambaye hakumwomba kitu.

Jumapili, 7 Aprili

Leo mji umefanya hafla kisimani. Mahamri, kahawa, dua. Wamepanda pia miche mipya kando ya njia ya kwenda makaburini, kila mche na ua lake la makuti, kila mche na mlezi wake. Bwana Jeilani amehutubia. Amemshukuru Mwenyezi Mungu. Amemshukuru Bwana Hudson, ambaye kwa mara ya kwanza alikuja bila mabuti, nyayo zake nyeupe kama unga. Amewashukuru akina mama waliobeba maji. Amewashukuru hata punda! Watu walicheka, wakanitazama, wakacheka tena, lakini si kwa ubaya. Mtu mmoja alinipa hamri.

Mimi hakunitaja.

Nimerudi nyumbani nikiwaza. Nani alichimba? Mimi. Nani alikwenda Shela na kurudi mpaka visigino vikapasuka? Mimi. Nani alitia samadi iliyoufanya mti ule upendeze kuliko ulivyopata kupendeza tangu enzi za mababu? Mimi, Abdulqadir bin Gharib! Wengine wameulinda tu. Mimi nimeuokoa. Na ili mtu auokoe mti, sharti kwanza uwe hatarini, na hilo pia nililishughulikia mimi peke yangu.

Nimemweleza Radhiya. Ameweka mkono wake juu ya paji la uso wangu kuona kama nina homa. Amenisihi nikae kimya kidogo, japo mpaka mfungo. Nimemwahidi. Mwanamke huyu hajui kwamba kuna kukaa kimya na kuna kudhulumiwa.

Watu wa mji huu hawakumbuki. Sharti wakumbushwe.

Jumatatu, 8 Aprili

Naandika haya nikiwa nimeegemea shina la mkungu, napumzisha mkono.

Nimeanza mapema, watu wakiwa madukani. Patasi nimeazima kwa mchonga milango. Kusoma sheria nimezisoma: haupigiliwi msumari, haukatwi tawi, haufungiwi punda. Hakuna palipoandikwa mtu asiandike jina. Nilitaka tu "Abdulqadir", lakini mtu akiona Abdulqadir atauliza ni yupi. Nikaongeza "bin Gharib". Nikaongeza "bin Abdulqadir", kwa heshima ya babu. Halafu "Mlezi na Mwokozi wa Mkungu Huu". Shina ni nene, Alhamdulillahi, maneno yameenea.

Ili mstari usipinde, nimechonga kwanza mkanda mpana kuzunguka shina lote, nikalibandua gome lake lote mpaka kwenye mti mweupe, safi, laini, nikachora herufi juu ya weupe huo. Zinasomeka hata kutoka msikitini. Kazi ya fundi! Mwisho wa maneno umekutana sawasawa na mwanzo wa jina langu, hakuna nafasi hata ya kupitisha ukucha. Utomvu unatoka kidogo. Nadhani mti umefurahi.

Habari zimeshaenea, naona. Bwana Jeilani anakuja mbio, kilemba kimemfunguka. Radhiya yuko nyuma yake, ameshika kichwa kwa mikono miwili. Mbele yao ni Bwana Hudson na mabuti yake, anapiga kelele tangu kwenye kona kwamba mti ukivuliwa gome pande zote hufa, niache, niache upesi!

Watu wa bara wana wivu. Nimemwashiria angoje. Imebaki nukta.